Mnunulie mwanao roboti anayoweza kuituma

Kila inapokaribia Desemba, Mtaa wa Congo pale Kariakoo hujaa vitu vinavyowaka taa. Kuna roboti nyeupe za plastiki zinazokata viuno kwa muziki, mbwa wa betri wanaobweka ukipiga makofi, na midoli inayosoma herufi za Kiingereza kwa sauti ya mtu aliyebanwa pua. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kitu hiki kinamfundisha mtoto. Mzazi anaulizia mambo mawili: "Inaongea?" na "Bei ya mwisho?" Hilo la pili halina ubishi, hali tunaijua. La kwanza ndilo nililokuja kugombana nalo leo.

Anayeuliza kama roboti inaongea ameshaamua, pengine bila kujua, kwamba roboti itafundisha na mtoto atasikiliza. Watoto wetu wanasikiliza vya kutosha. Darasani wanasikiliza, nyumbani wanasikiliza, televisheni ikiwashwa wanasikiliza. Roboti inayostahili hela ya mshahara ni ile isiyojua chochote mpaka mtoto aiambie, ikatii amri moja baada ya nyingine, na ikielekezwa vibaya ikaenda vibaya mbele ya macho ya aliyeielekeza. Katika nyumba ambamo kila mkubwa humtuma mtoto, dukani, bombani, kwa jirani, huyu naye apate wa kumtuma.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko wazazi wengi wanaosoma gazeti hili. Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, alifanya kazi kwa miaka kadhaa Geneva pamoja na Jean Piaget, yule mchunguzi maarufu wa namna watoto wanavyofikiri, kisha akahamia MIT nchini Marekani. Mwaka 1967 yeye na wenzake, wakiwemo Cynthia Solomon na Wally Feurzeig, walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, katika zama ambazo watu wazima wengi hawakuwahi kuiona kompyuta kwa macho. Haikuchukua miaka mingi Logo ikapewa kiwiliwili: roboti ya magurudumu yenye kalamu tumboni, iliyotambaa juu ya karatasi kubwa sakafuni ikichora ilikopita. Wakaiita kobe. Jina hilo lilikuwa na ukoo wake, kwa kuwa mwishoni mwa miaka ya 1940 mtaalamu wa ubongo W. Grey Walter aliunda huko Bristol, Uingereza, vikobe viwili vya mashine, Elmer na Elsie, vilivyotambaa vyenyewe kuufuata mwanga.

Tumtazame kobe wa Papert akiwa kazini, kwa sababu hapo ndipo penye somo zima. Mtoto anamwamuru aende mbele hatua 100, ageuke kulia nyuzi 90, arudie mara nne. Mraba umepatikana. Sasa mtoto anataka pembetatu yenye pande sawa. Shuleni ameambiwa kila pembe yake ni nyuzi 60, basi anaandika 60, anarudia mara tatu, anatulia kusubiri pembetatu yake. Kobe anamchorea dubwana lisilofunga, ambalo ukilitazama vizuri ni nusu ya umbo la pande sita. Kobe hasemi "umekosea". Hapigi honi, haoneshi uso wa huzuni, hampi nyota wala kumnyima. Amefanya alichoambiwa, na kilichoambiwa kimelala pale sakafuni.

Mtoto akikereka vya kutosha, ataamka atembee mwenyewe njia ileile. Anafika kwenye kona, anageuka ili aelekee upande wa pili, na mwili unamwambia kitu ambacho ubao haukumwambia: mgeuko ni mkubwa kuliko ile pembe ya ndani. Ni nyuzi 120. Mtoto aliyefika hapo kwa miguu yake amejua pembe ya nje ya pembetatu kabla hajajua kwamba inaitwa hivyo, na katika mtihani wa darasa la sita hatababaika. Katika kitabu chake cha mwaka 1980, Mindstorms, Papert alishikilia kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuiendesha kompyuta, wakati shule nyingi zilikuwa zikinunua kompyuta ili zimwendeshe mtoto. Kampuni ya LEGO baadaye ililichukua jina la kitabu hicho kuwa jina la roboti zake zilizotoka mwaka 1998.

Wajukuu wa kobe yule wapo madukani, na wengine wala hawahitaji kompyuta. Bee-Bot, nyuki wa plastiki anayeuzwa na kampuni ya TTS ya Uingereza, ana vitufe mgongoni: mbele, nyuma, kushoto, kulia, anza, futa. Kila hatua yake ni sentimita 15 na kila mgeuko ni nyuzi 90. KIBO, iliyotokana na utafiti wa Marina Umaschi Bers alipokuwa Chuo Kikuu cha Tufts, huelekezwa kwa vipande vya mbao ambavyo mtoto anavipanga mstari mmoja, kisha roboti inavisoma kimoja kimoja. Cubetto ni boksi la mbao lenye magurudumu, na amri zake ni vipande vya rangi vinavyopachikwa kwenye ubao. Sina hisa katika kampuni hizo, na bei ya baadhi ya vitu hivyo inauma. Zipo nyingine za bei nafuu zinazofuata wazo hilohilo, ukizitambua kwa vitufe vya mishale na kwa kumbukumbu inayoshika amri kadhaa kabla ya kuondoka. Rimoti si kitu kilekile. Gari la rimoti mtoto analisahihisha likiwa njiani. Roboti ya kupangiwa inamlazimu aione safari nzima kichwani kabla haijaanza.

Uwanja wa kuchezea haununuliwi. Lichane boksi la friji au la televisheni, lilaze sakafuni, chora miraba ya sentimita 15. Mraba huu ni Kariakoo, ule Mnazi Mmoja, kule Posta, na mwisho kabisa Feri kwenye pantoni. Mwambie mtoto wa miaka sita ampeleke nyuki kutoka Kariakoo hadi Feri bila kukanyaga mraba wenye foleni, na uwe umepanga foleni kwa ukatili kidogo. Atahesabu kwa vidole, atabonyeza, nyuki ataingia baharini. Kinachowatesa wengi ni safari ya kurudi. Nyuki akielekea kwa mtoto, kushoto kwa nyuki ni kulia kwa mtoto, na hapo utaona mtu mdogo akizunguka kwenda kusimama nyuma ya roboti, au akipindisha shingo mpaka inakaribia kuuma. Kuona jambo kutoka mahali asiposimama yeye ni kazi ngumu hata kwa watu wazima, nenda kamuulize dereva yeyote wa daladala.

Katika mchezo huo roboti haijasema neno. Maneno yote yamesemwa na watu, na yamesemwa kwa lugha ya nyumbani. Mshale hauna lafudhi. Mtoto wa Tandale, wa Mombasa au wa Bukavu anabishana na dada yake kwa Kiswahili chake: hapana, geuka kwanza, ndiyo uende mbele. Midoli mingi ya kuongea inayoletwa huku husema Kiingereza au Kichina, na ile inayodai kusikiliza hukwama mbele ya mtoto, kwa sababu sauti za watoto zinazisumbua mashine hata pale lugha inapokuwa yao. Nimewasikia watoto wakijirudia neno moja la Kiingereza kwa lafudhi ya kuigiza ili mdoli uwaelewe. Wazazi walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Kuhusu maneno, kuna utafiti mdogo unaostahili kujulikana. Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona aliwarekodi wazazi 26 na watoto wao wa kati ya miezi 10 na 16 wakicheza nyumbani. Kila jozi ilipewa aina tatu za vitu: vya umeme vinavyoongea na kuimba, kama kompyuta na simu za kitoto, vya kawaida, kama vipande vya mbao vya kupachika, na vitabu vya picha. Matokeo yalichapishwa na jarida la JAMA Pediatrics kuelekea mwaka 2016. Walipokuwa na vifaa vya umeme wazazi walisema maneno machache zaidi, na watoto nao walitoa sauti chache kuliko walipokuwa na vitabu. Kifaa kilipoanza kuongea, mzazi alikiachia zamu. Ni watu wachache, na ni watoto wachanga, kwa hiyo nisikinyooshe kidole hicho hadi kwa mtoto wa darasa la tatu. Lakini boksi lililoandikwa "kuanzia miezi sita, hufundisha lugha" ningelirudisha rafuni bila kusita.

Wanaoipenda roboti ya kutumwa, nami nikiwemo, nao wana deni la ukweli. Katika miaka ya 1980 Logo iliuzwa mashuleni kwa ahadi kubwa kwamba mtoto akijifunza kuiamuru kompyuta atakuwa hodari wa kupanga mambo yote maishani. Roy Pea na Midian Kurland wa Bank Street College, New York, wakaamua kupima. Waliwapa watoto waliosoma Logo kazi za kupanga zisizohusu kompyuta, wakawalinganisha na ambao hawakuisoma. Tofauti waliyoitarajia hawakuiona. Papert alijibu mwaka 1987 kwamba swali lenyewe limekaa vibaya, kwani chombo kikiwekwa mbele ya mtoto hakifanyi kitu peke yake. Kinachofanya kazi ni mazingira yote, mwalimu, wenzake, kazi yenyewe. Mimi naona wote walikuwa sahihi, na majibu yao yote mawili ni habari mbaya kwa mzazi aliyetaka kununua roboti ili apumzike.

Maana yake ni kwamba lazima mtu akae hapo. Si lazima ajue kompyuta. Bibi asiyewahi kushika tableti anaweza kuuliza swali linalofanya kazi yote: "Kabla hujabonyeza, unadhani itaishia wapi?" Mtoto akitaja mraba, roboti ikaenda mraba mwingine, bibi anauliza la pili: "Ilianza kupotea wapi?" Basi. Mtoto anayelijibu swali hilo la pili amri kwa amri anafanya kazi ileile anayolipwa fundi wa programu. Bila maswali hayo, nakiri, nyuki wa vitufe hugeuka gari la kawaida baada ya wiki mbili.

Sasa tuje kwa roboti na midoli inayoongea kweli, yenye maikrofoni, intaneti, na siku hizi akili unde. Hapa ubishi wangu si wa ufundishaji peke yake. Februari 2017 mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani ilipiga marufuku mdoli uitwao My Friend Cayla, ikauhesabu kuwa kifaa cha upelelezi kilichofichwa, na kuwaambia wazazi wauharibu. Mtu aliyekuwa jirani aliweza kujiunga nao kwa blutuuthi bila nywila. Mwezi huohuo ilifichuka kwamba taarifa za akaunti zaidi ya 800,000 za wateja wa CloudPets, wanyama wa manyoya wanaopeleka ujumbe wa sauti kati ya mzazi na mtoto, zilikuwa zimeachwa wazi kwenye intaneti, na kupitia hizo rekodi zaidi ya milioni 2 za sauti zingeweza kufikiwa. Novemba 2025, watetezi wa walaji wa Marekani, PIRG, walijaribu dubu mwenye akili unde aitwaye Kumma, wa kampuni ya FoloToy. Aliwaeleza namna ya kuwasha kiberiti na mahali pa kutafuta visu nyumbani, na mazungumzo yalipoendelea akaingia kwenye mambo ya ngono. Kampuni ikasitisha mauzo kwa muda.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake, Kenya wana ya kwao ya 2019. Ni vizuri. Hata hivyo, mdoli wa mtumba unaouokota kwenye rundo sokoni hauna boksi, hauna maelezo, na uliopigwa marufuku Ulaya haujapigwa chapa usoni. Ukiona tundu dogo la maikrofoni na kitufe cha kuunganisha simu kwenye mdoli usioujua, wewe ndiye Tume.

Kisha kuna jambo ambalo muuzaji hatalitaja: kampuni hufa. Moxie, roboti ya buluu ya kampuni ya Embodied ya Marekani, iliuzwa dola 799 ili iwe rafiki wa mtoto na kumsaidia kuelewa hisia zake. Akili yake ilikaa kwenye seva za mbali. Desemba 2024 kampuni ilitangaza kwamba fedha zimekwisha na roboti zitanyamaza, na wazazi wakabaki na kazi ya kumweleza mtoto kwa nini rafiki hataongea tena. Baadaye ilitolewa njia ya kuiendesha kwa kompyuta ya nyumbani, ila hiyo ni kazi ya mwenye ujuzi. Kabla yake, mwaka 2019, ilikuwa zamu ya roboti Jibo, ambayo yenyewe iliwatangazia wenye nayo kwamba seva zake zitazimwa, na mwaka huohuo Anki, watengenezaji wa roboti Cozmo, wakafunga milango. Ikiwa mteja wa California anaachwa hivyo, wewe wa Kimara utamlalamikia nani? Na hata kampuni ikiwa hai, roboti inayokula bando kila siku ni mtoto wa ziada wa kumlisha.

Kobe wa vitufe hana kampuni ya kumuua. Betri zikiisha unanunua nyingine, waya ukikatika fundi simu wa mtaani anauchomelea. Hapo nafika kwenye tabia yetu moja inayoniudhi. Roboti ikitoka ng'ambo huwekwa juu ya kabati la vyombo. Inashushwa wageni wakija, inachezeshwa na baba, inarudishwa. "Usije ukaivunja." Mtoto aliyenunuliwa roboti ya kujifunzia anajifunza kuitazama kwa mbali, halafu anatoka nje kuungana na wenzake wenye gari la waya lenye usukani mrefu na tairi zilizokatwa kwenye kandambili. Gari lile amelipinda mwenyewe, na linapovuta upande mmoja anajua ni ekseli ya mbele. Papert aliandika kwamba alipenda mno magari na sehemu zake, gia zikiwemo, kabla hajafikisha miaka miwili, na kwamba miaka mingi baadaye gia zile ndizo zilizomfungulia milinganyo ya hisabati. Hakufika huko kwa gia za juu ya kabati.

Kwa hiyo, kwa mtoto wa miaka minane au tisa na kuendelea, ningetafuta kitu kinachofunguka kwa bisibisi. Ile kadi ndogo ya kompyuta iitwayo micro:bit, ambayo BBC iliwagawia takribani wanafunzi milioni moja wa Uingereza mwaka 2016, haina sura ya roboti. Ukiifungia mota mbili na kadi ya kuziendeshea, betri na boksi la juisi, roboti ndiyo hiyo, na mtoto anajua kila kilichomo ndani.

Mengine ni ya haraka. Chini ya miaka mitatu sahau habari za roboti, na vipande vidogo visimkaribie. Betri bapa kama kitufe, zile za saa, zikimezwa zinaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, kwa hiyo kifuniko kisicho na skrubu ni sababu tosha ya kuondoka dukani. Ndugu akileta zawadi kutoka Marekani, asome maandishi madogo ya chaja: iliyoandikwa volti 120 peke yake haitaimaliza salama siku ya kwanza kwenye umeme wetu wa 230.

Na usimnunulie mtoto mmoja roboti moja. Ungeni hela, familia tatu za uani, au kamati ya wazazi na shule, mnunue moja ya watoto wanne. Mtoto aliye peke yake akikosea hubonyeza tena kwa kubahatisha. Wanne wakikosea hutafutana mchawi, na katika kutafutana huko wanaipitia programu nzima kwa sauti, kila mmoja akitetea mshale wake. Kelele zitakuwepo.

Ukifika dukani, mwombe muuzaji azime intaneti ya simu yake, atoe roboti kwenye boksi, aiwashe. Kisha mkabidhi mtoto, wewe rudi nyuma hatua mbili. Ikiwa imezubaa kwa kukosa mtandao, au inaimba na kucheza huku mtoto amesimama kuitazama, iacheni hapohapo. Ikiwa mtoto ameshachuchumaa, anabonyeza, anakunja uso, anaifuata chini ya meza, anaianzisha upya, ulizia bei. Muuzaji atanuna kwa kupotezewa dakika kumi katika msimu wa sikukuu. Mnunulie hata betri.